Nilimwambia Mama Kuwa Yule Mwingine Ameshinda

Kosa ni langu. Naanza na hilo ili usije ukanihurumia njiani, maana wengi nikiwasimulia wanakimbilia kuilaumu Marekani. Marekani haikunituma nimdanganye mama yangu.

Mimi ni dereva wa watalii, nakaa Daraja Mbili hapa Arusha. Kwetu ni Nkoaranga, juu katika Mlima Meru, na huko ndiko mama alikoishi katika shamba lake la migomba na kahawa mpaka mwisho wake.

Binti yangu wa kwanza, nitamwita Ndeshi, alipata nafasi ya kusomea uuguzi katika chuo kimoja cha Marekani. Ana jina la mama yangu. Kwetu ndivyo tunavyofanya, binti wa kwanza hubeba jina la bibi yake. Kwa hiyo mama hakumwita mjukuu. Alimwita “wajina wangu”.

Tulimuaga mapema mno. Visa ilikuwa haijatoka, lakini mimi nilikuwa na uhakika, na mtu mwenye uhakika hana subira. Ndeshi akasimamishwa mbele ya madhabahu, mchungaji akamwombea safari, kwaya ikaimba, nyumbani mbuzi akachinjwa. Ukishaombewa hivyo mbele ya watu, kwetu umeshaondoka. Kurudi nyuma ni aibu ya ukoo mzima.

Mwaka ule Marekani walikuwa wanachagua rais. Wageni ninaowabeba walikuwa wakigombana ndani ya gari langu hadi twiga wanapita bila kuonwa. Mmoja wao, mama mtu mzima, aliniambia kuwa mgombea mmoja akishinda, milango ya wageni itakuwa myembamba. Nikapanda Nkoaranga nikamweleza mama, tukawa tunamwombea yule mwingine.

Mama alitaka kuelewa anachokiombea. Nikamfafanulia, maana kufafanua ndiyo kazi yangu. Nikamwambia kule kura hazimwagwi kwenye kapu moja, kila jimbo lina uzito wake, na anayeongoza kwenye jimbo karibu kila mara hubeba uzito wote.

“Kwa hiyo aliyependwa na wengi anaweza kushindwa?” akauliza.

“Anaweza, mama.”

“Hata ng’ombe wa mirathi hatumgawi hivyo,” akasema. “Na hao ndio wanaotufundisha.”

Tulicheka sana siku hiyo.

Yule tuliyemwombea akashindwa. Baadaye mahojiano ya Ndeshi pale ubalozini yakaahirishwa, yakaahirishwa tena, kisha chuo kikaandika kuwa nafasi yake haitaweza kusubiri. Je, ni kwa sababu ya uchaguzi? Nikwambie kweli, mpaka leo sina hakika. Huenda hata yule mwingine angeshinda mambo yangekuwa yale yale. Lakini wakati ule sikutaka kusikia hivyo.

Tangu kura zipigwe nilikuwa nikimkwepa mama. Nilipopanda hatimaye kumwona, alikuwa amekaa mlangoni akimenya ndizi kwa kupapasa, kwani macho yake yalikuwa yamepungua sana. Akasikia hatua zangu.

“Baba Ndeshi, yule mtu wetu ameshinda?”

Nilikuja nikiwa na ukweli mdomoni. Nikautazama uso wake, nikasema, “Ameshinda, mama.”

“Na wajina wangu?”

“Anaondoka wiki hii.”

Ndivyo ilivyoanza. Maneno mawili matatu.

Uongo wa namna hiyo unahitaji kulindwa. Redio yake ndogo, iliyokuwa imekwisha betri tangu kabla ya kura, niliichukua, nikamwambia inataka fundi, na sikuirudisha. Mke wa mdogo wangu, aliyekuwa akimtunza, naye aliamini Ndeshi amesafiri. Nikamwambia, “Shemeji, mama akisema fulani ndiye rais, msibishane naye, ni mzee.” Akakubali kwa heshima.

Kila nilipopata Jumapili isiyo na wageni nilipanda mlimani kumsimulia mama Marekani yangu. Katika Marekani hiyo yule mwingine ndiye aliyekuwa ikulu, na amewafungulia wanafunzi milango. Ndeshi ana koti zito, anapanda basi la chuo, theluji imemfika kwenye vifundo, mwalimu wake amemsifu. Nilisimulia vizuri mno. Nilipokuwa nashuka mlima ningeweza kuapa kuwa nimeiona hiyo theluji.

Na Ndeshi? Alikuwa nyumbani kwangu Daraja Mbili, akimsaidia mama yake kukaanga maandazi ya kuuza asubuhi. Akikutana na mtu wa Meru sokoni, alikuwa anajifunika kanga usoni. Mwanzoni alikubali, kwa sababu naye alikuwa na aibu ya madhabahu. Baadaye alichoka.

“Baba, twende tukamwambie bibi,” alinisihi. “Atanicheka kidogo tu, halafu atanipa kazi ya kupalilia.”

“Subiri kwanza. Huenda mambo yakabadilika.”

“Yabadilike wapi, baba? Kura zimeshahesabiwa.”

“Wewe hujui mambo ya kule.”

“Wewe unayajua ya kule. Ya hapa unayajua?”

Nilimkemea kwa kukosa adabu. Mama yake akaendelea kukanda unga wa maandazi bila kunitazama, na hilo lilinikera kuliko maneno.

Kisha mama akaugua. Miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, hospitali wakamrudisha nyumbani apumzike. Akawa na ombi moja tu. Alitaka kumtemea wajina wake mate. Usishtuke kama wewe si wa huku. Mzee wetu akikutemea mate kidogo kichwani au viganjani, amekubariki, amekumwagia kilichobaki ndani yake. Na mwenye jina lako ndiye unayemdai baraka hiyo kuliko wote.

“Mwambie aombe ruhusa kwa huyo rais wenu mwema,” mama akasema. “Nikimaliza kumbariki arudi.”

Hapo ndipo ningeweza kuirekebisha. Kutoka Daraja Mbili hadi Nkoaranga si safari ya kusema mtu hakuwahi. Ningempeleka mtoto mchana ule ule. Lakini nilijiambia kuwa mama akimwona ghafla atashtuka na kufa kwa mshtuko, na kwamba majirani watatucheka msibani. Nilitafuta sababu, na mtafuta sababu hazikosi.

Nikapiga simu nyumbani, Ndeshi akapokea. Nikamwekea mama simu sikioni.

“Wajina wangu, huko ni usiku?”

Nikasikia sauti ya binti yangu, ndogo kabisa. “Shikamoo bibi. Ndiyo, ni usiku.”

“Sauti yako iko karibu, kama uko jikoni hapo.”

Nilimsikia Ndeshi akilia. Mama akasema ni baridi ya huko inayomsumbua. Kisha akaitoa simu sikioni, akaishika kwa mikono miwili, akaitemea mate taratibu kama wazee wanavyofanya, akitaja jina lao wote wawili.

Nikaichukua simu ile nikaifuta kwa leso yangu. Nimefanya mabaya mengine maishani, lakini mkono wangu haujawahi kufanya kitu kama kile.

Jioni hiyo Ndeshi aliniambia kesho yake atapanda Nkoaranga, niwe nimekubali au sijakubali. Nikamjibu, “Ukimuua bibi yako, utalibeba mwenyewe.” Maneno haya niliyasema mimi, baba mtu mzima. Yakamfunga miguu.

Siku chache baadaye nilikuwa Momela na wageni, nikiwaonyesha ndege aina ya heroe ziwani. Wawili kati yao walikuwa wakibishana nyuma yangu, nchi yao ingekuwaje kama yule mwingine angeshinda. Mmoja akaniuliza mimi nasemaje. Kabla sijajibu, shemeji akapiga. Mama ameondoka.

Ndeshi hakunisubiri. Nilipofika Nkoaranga nilimkuta ameshafika, yuko katikati ya wanawake, hana kanga usoni. Jirani mmoja mzee alimkumbatia.

“Pole na safari, mwanangu. Ndege imewahi kweli.”

“Shikamoo mama. Sikupanda ndege. Nimetoka Daraja Mbili.”

“Ulirudi lini?”

“Sikuondoka.”

Wote waliokuwa karibu walisikia. Hakuna aliyecheka. Ile aibu niliyoiogopa mwaka mzima haikuja kabisa. Shemeji ndiye aliyeinua macho, akanitazama mimi huku akisema na binti yangu.

“Alikuwa anakuita, Ndeshi. Hata asubuhi hii. Tukamwambia uko mbali, avumilie.”

Siku hizi Ndeshi anaishi huko huko, katika nyumba ya bibi yake, na anapalilia migomba. Nikipanda ananiamkia, “Shikamoo baba,” ananipa kiti, ananiletea chai. Adabu haijapungua hata kidogo. Lakini haniulizi kitu, na nikianza kufafanua jambo lolote, anainuka kwenda kuangalia moto.

Sifikirii tena zile kura. Wageni wanabishana ndani ya gari, mimi naendesha. Ninachokifikiria ni Jumapili moja tu, yoyote katika zile zote. Nimepaki chini, tumepanda njia ya miguu, Ndeshi yuko mbele yangu. Mama anasikia hatua za watu wawili, anauliza, “Nani huyo uliyekuja naye?” Nafika hapo, siwezi kuendelea.

Ndugu yangu unayesoma, sikukatazi kujiuliza ingekuwaje. Kila mtu hujiuliza, na hakuna dhambi katika hilo. Nakuomba usimhamishie mtoto wako kwenye hiyo “ingekuwaje”. Kama alikosa visa, alifeli mtihani, uchumba umevunjika, au aliombewa kanisani na bado yuko sebuleni kwako, mshike mkono Jumapili hii umpeleke kwa bibi yake. Bibi atauliza maswali. Mwacheni aulize.