Ripita ya Eburru

Ile kompyuta ndogo niliitukana matusi ambayo mama yangu angeyasikia angeniburuta kanisani akinishika sikio. Ilikuwa ndogo kama pakiti ya majani chai, nimeifunga kwa waya kwenye rafu ndani ya kibanda cha mabati huko Eburru, kando ya tangi la maji la mkulima aliyetukubalia tusimamishe mlingoti wetu. Chini yake ilikaa ripita, mashine inayodaka sauti ya redio ndogo ya mkononi na kuirusha tena kwa nguvu, ifike Nakuru, ifike Naivasha. Kazi yangu ilikuwa kuweka programu ya kuiunganisha ripita hiyo na intaneti, ndio mtu wa mtaa wa Kihoto, Naivasha, aweze kuongea na mtu wa nchi nyingine. Kazi rahisi, wenzangu wa redio walisema. Rahisi! Si wangekuja wao?

Ningeiacha zamani kama si mzee mmoja wa Kihoto. Alikuwa fundi wa mitambo ya mvuke Olkaria mpaka akastaafu, na ndiye aliyenifundisha redio. Kwa miaka mingi alikuwa akizungumza kwa masafa mafupi na mwalimu mmoja wa Zambia, mtu ambaye hajawahi kuonana naye uso kwa uso. Kisha ziwa Naivasha likapanda, likaingia Kihoto, likaangusha mlingoti wake na kuozesha mitambo yote. Halafu ikaja saratani ya koo. Madaktari walisema wataondoa koromeo lote, na siku ya upasuaji ilikuwa imeshapangwa. Alitaka kitu kimoja tu: amuage mwenzake kwa sauti yake mwenyewe, kabla haijatolewa.

"Si tumpigie simu tu, mzee?" nilimwuliza.

Akanitazama kama nimemkosea adabu. "Simu ni ya watu wa shida," akasema, kwa ile sauti iliyokuwa imebaki mkwaruzo na upepo. "Tulijuana hewani. Tutaagana hewani."

Basi. Nikapanda Eburru tena na tena. Programu inataka namba yako ya utambulisho, nenosiri, anwani ya seva, masafa ya kupokea na ya kurusha, na ukikosea nukta moja inanyamaza tu, haikuambii umekosea wapi. Nikirekebisha hapa, inaharibika pale. Hata ikishika, ukungu ukishuka betri za sola zinaisha, na kompyuta ikiamka haijui leo ni lini kwa sababu haina saa ndani yake. Inadhani bado ni mwezi jana. Seva inaikataa, na ina haki. "Kwani wewe ni mlevi?" niliiuliza siku moja, na mkulima akacheka huko nje kwenye viazi vyake. Nikaiamuru iulize saa kwenye mtandao kabla ya kufanya jambo lingine lolote, ikagoma hata hiyo mpaka nikabadilisha laini ya simu. Nilichoka, wacha tu. Nilikuwa na hakika siku ya hospitali itatukuta bado tunabonyeza.

Lakini ikakubali. Niliita kwa sauti yangu, na yule mwalimu, ambaye kwao pia wana ripita kama yetu, akajibu papo hapo. Tukapatana tuonane hewani kesho yake, baada ya chakula cha mchana.

Nilimkuta mzee sebuleni, ukuta bado una alama ya maji ya ziwa. Alikuwa amevaa koti na tai. Koti na tai, jamani, kuongea na redio! Mkewe alitumiminia chai, akakaa nasi.

Mzee akachukua redio yangu ya mkononi, akabonyeza, akaita.

"Naona namba yako kwenye skrini, rafiki yangu! Ni wewe!" mwalimu akajibu kwa Kiingereza, sauti imejaa furaha. "Lakini sikusikii. Nasikia kama maji yanachemka. Rudia."

Akarudia. Maji yanachemka. Nikasogeza maikrofoni, nikabadilisha betri, nikatoa antena hadi uani. Mikono ilikuwa inafanya kazi lakini moyo ulikuwa umeshajua. Redio za zamani zilibeba chochote ulichozipa: kikohozi, jogoo, mvua kwenye mabati. Hizi za kidijitali husikiliza kwanza, zinachambua, halafu zinatuma kile tu zinachokitambua kuwa sauti ya mtu. Ya mzee hazikuitambua. Na kwenye ile programu hapakuwa na mstari wa kubadilisha, kwa maana nilikuwa nimeisoma yote. Ee Mungu, nilikasirika. Sikuwa na mtu wa kumkasirikia, nilikasirika tu.

Mzee akaona heri aseme yote, huenda kidogo kitafika. Aliongea kwa muda mrefu, amefumba macho. Alimshukuru mwalimu kwa kukaa naye hewani ile wiki yeye na mkewe walipomzika kifungua mimba wao. Akasema hadi leo nyumbani hawajui alilia na nani. Mkewe akaweka kikombe chini.

"Sijapata kitu, rafiki yangu," mwalimu akasema. "Rudia tafadhali."

Sauti ilikuwa imemwishia. Mzee akanipa redio. "Mwambie."

Nikamwambia, neno kwa neno kadiri nilivyoweza, hata lile la mtoto. Sasa, watu wa redio wana desturi: kabla ya kuachana, kila mmoja humpa mwenzake ripoti ya jinsi alivyosikika, hata kama nyumba inaungua. Yule mwalimu, maskini, nadhani mazoea yalimshika kwa kukosa neno lingine.

"Mwambie nimepokea yote," akasema. "Na wewe kijana, sauti yako imefika safi kabisa. Haina hata doa."

Nilitamani kuipasua ile redio ukutani. Mzee akanigusa goti.

"Shukuru," akaninong'oneza. "Ukipewa ripoti, unashukuru."

Nikabonyeza, nikashukuru.