Ukoko Ndani ya Bomba la Gesi

Baba yangu ni fundi wa kuchomelea pale Mwanjelwa, na hakuna kitu anachokipenda kama bomba nene la chuma. Mwaka ule alipata moja kwenye lori la chuma chakavu lililotoka kusini, pwani. Akaligonga kwa nyundo, akaridhika na mlio wake. Alitaka kulikata liwe miguu ya tangi la maji la bibi, kule Kilolo.

Dada yangu mkubwa alikuwa nyumbani kwa likizo. Yeye husafisha mitambo kwenye visima vya gesi huko huko kusini. Alimpelekea baba chai, akamkuta amewasha grinda, mashine ya kukatia chuma. Akachungulia ndani ya bomba, akaona ukoko umegandia, kisha akachomoa waya wa grinda ukutani.

"Baba, hili limetoka kisimani. Naomba usiendelee kulikata."

"Uchafu tu huo, mama. Nitaukwangua."

Dada akachuchumaa karibu naye. Akamweleza kwamba maji ya chini sana ardhini hupanda pamoja na gesi yakiwa na madini, nayo madini hugandia bombani kama ule ukoko mweupe wa birika. Mara nyingine ukoko huo huwa na mionzi ya asili. Kulishika bomba kwa nje si jambo kubwa. Ubaya ni vumbi lake likiingia kifuani.

"Haunuki, hauwashi," baba alisema. "Utajuaje?"

"Kwa macho hujui. Ndiyo maana kazini tunapima."

Baba akaiweka grinda chini. Alikuwa ameshaanza kukata ncha moja. Nilimwona akiitazama mikono yake, nami nikaingiwa na hofu. Dada hakumgombeza. Alimvua koti la kazi akalifunga kwenye mfuko, akammwagia maji na kumsugua kidole kimoja kimoja, kama alivyokuwa akituogesha sisi wadogo zake.

Wataalamu wa mionzi aliowapigia simu walikuja na kipimo. Kwenye bomba kililia harakaharaka. Kwenye mikono ya baba kikatulia. Wakasema vumbi alilovuta ni kidogo, asiwe na wasiwasi. Wakalifunga bomba kwa plastiki, wakaondoka nalo.

"Lakini kilikuwa chuma kizuri," baba akasema.

Dada alicheka mpaka akamwegemea begani.

Tangi la bibi tulilisimamisha juu ya magogo ya miti ya milingoti ya hapo hapo Kilolo. Baba, asiyependa kabisa useremala, alipigilia misumari akinung'unika, na dada akamshikia ngazi.