Dereva aliyevua viatu

Juma lililopita, tukiwa ndani ya gari la abiria kutoka Butembo kwenda Beni, tulikuta mvua imejaza shimo katikati ya barabara. Mama mmoja aliyeketi nyuma ya chauffeur, dereva wetu, akamwambia, "Papa, vula kwanza biatu."

Chauffeur akacheka. Sisi wenye mvi hatukucheka.

Miaka ya vita nilipita barabara hii hii nikiwa juu ya magunia ya maharagwe. Chauffeur wa lori lile, mzee wa kofia ya sufu, alisimama kwenye kila dimbwi, akavua viatu, akakunja suruali na kuvuka kwa miguu, akipapasa chini kwa nyayo. Ndipo akarudi kwenye usukani.

Siku hiyo askari aliyepanda pamoja nasi aligonga bati kwa kitako cha bunduki. "Kanyaga, muzee. Tunachelewa."

Mzee akamjibu kwa heshima, kama mtu anayesema na mkubwa wake. "Chef, bunduki yako inaona mbali, lakini haioni chini ya maji. Wacha kwanza miguu yangu ione."

Tuliinamisha vichwa kwa woga, tukingoja risasi. Askari akashuka, akavua buti zake, akamfuata majini, mkono mmoja begani pa mzee.

Katika woga wote wa miaka ile, nautamani huo mmoja tu, wa mzee mbele ya maji asiyoyajua.

Chauffeur wetu wa juma lililopita alitazama viatu vyake vyeupe, akakanyaga mafuta. Punde tulikuwa wote ndani ya matope tukisukuma gari, na aliyekuwa amevua viatu ni yule mama peke yake.