Programu Iliyokuwa Hairudishi

Kwa miaka minne hapakuwa na mtu aliyependwa pale hospitali kama kijana wa kompyuta waliyembatiza Fundi, na alipendwa kwa kazi ya dakika tatu. Kila siku ikikaribia saa sita mchana, programu ya kupokea wagonjwa ilivimbiwa, kompyuta zikaganda, na karani wa mapokezi akapaza sauti koridoni: "Fundi, tunakufa huku!" Fundi alikuja bila haraka, akaizima programu, akaiwasha. Walimshukuru utadhani amefufua maiti.

Ugonjwa aliujua. Programu huomba nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na ikimaliza kazi hutakiwa kuirudisha. Hii ilikuwa inaomba tu, kama mtu anayetoa sahani safi kabatini kila mlo bila kuosha hata moja, mpaka kabati linabaki tupu. Wapi hasa ilikuwa hairudishi, Fundi hakujua. Alishajaribu vyombo vitatu, yaani programu za kukagua programu nyingine, kutafuta uvujaji wa namna hiyo. Cha mwisho kilimtolea ripoti ya kurasa mia nne, akasoma sita, akaifunga. Tangu hapo alitangaza kwamba ugonjwa hauna dawa, na kusema kweli hakuumia sana. Ungepona, nani angemwita?

Kisha akaja mdogo wake wa kike, kitindamimba wa kwao, ambaye nyumbani walimwita Kitinda, kuanza kazi kwa majaribio ya miezi mitatu. Fundi mwenyewe ndiye aliyemwombea nafasi, na ndiye aliyemfundisha kuandika programu, mezani kwa mama yao, kwenye kompyuta iliyong'oka vitufe viwili. Hakumfundisha ili amzidi.

Wiki ya pili Kitinda alimfuata mezani, macho yanang'aa.

"Kaka, nimepata chombo. Kinaandika kila nafasi iliyoombwa na iliombwa wapi. Zisizorudishwa kinazikusanya pamoja, kwa hiyo ripoti ni ukurasa mmoja tu."

"Umekitafuta lini?"

"Jana, baada ya chakula cha mchana."

Jana baada ya chakula cha mchana! Fundi alishikwa na wivu, akajifanya anakohoa. Yeye miaka minne, na huyu mchana mmoja, huyu ambaye yeye ndiye aliyekuwa akimfunga kamba za viatu!

"Nikiwashe kwenye mashine ya majaribio, au hii ya mapokezi?" Kitinda aliuliza.

Fundi alijua jibu. Chombo cha namna hiyo huandika kila hatua, na programu inayoandikwa kila hatua hutambaa. Mtu mwenye akili zake hakiwashi kwenye mashine yenye watu.

"Hii ya mapokezi," alisema. "Jumatatu asubuhi, ndipo kuna kazi ya kutosha kupimia."

"Haitalemewa?"

"Kwani mimi sipo?"

Jumatatu, faili la mgonjwa mmoja lilichukua dakika sita kufunguka. Foleni ilijaa ukumbi, ikatoka mlangoni, ikafika getini. Mama mmoja mwenye mtoto anayelia aliuliza kama na kompyuta nazo zimelazwa. Bosi alishuka ngazi amefura.

"Nani kafanya hivi?"

Fundi aliikodolea macho printa, ambayo haikuwa na tatizo lolote.

"Ni mimi," alisema Kitinda. "Sikumuuliza mtu."

Aliamriwa azime chombo chake na asiiguse tena mashine ile. Kosa moja jingine, aliambiwa, na unga umemwagika.

Mchana wa siku hiyo alimwekea kaka yake karatasi mezani. Kabla ya kuzimwa, chombo kilikuwa kimeshatoa ripoti, na mstari mmoja alikuwa ameuzungushia kalamu: pale programu inapofungua picha ya mgonjwa. Kila picha ilifunguliwa, hakuna iliyofungwa ili nafasi yake irudi.

"Rekebisha wewe, kaka. Mimi nimekatazwa."

Fundi alitafuta lawama katika sauti ile, hakuipata, na hilo likamuudhi zaidi. Akaongeza kwenye programu mstari mmoja tu, wa kuzifunga picha. Jumanne saa sita ilipita, kompyuta zikaendelea kama kawaida. Jumatano vilevile. Karani alipiga vigelegele, bosi akampa Fundi mkono mbele ya watu wote, naye akaupokea. Sifa zote zilikuwa zake, na bado alimwonea wivu mdogo wake kama siku ile ya kwanza.

Jumapili walikula kwa mama. Karani ni jirani wa mama, kwa hiyo habari zilikuwa zimetangulia.

"Hongera, mwanangu!" mama alisema. Akamgeukia Kitinda. "Na wewe, mtazame kaka yako ujifunze. Umeharibu, mwenzio katengeneza."

"Nitajifunza, mama," Kitinda alisema, akamsogezea kaka yake bakuli la mchuzi.

Fundi alirudisha tonge sahanini. "Mama, aliyepata dawa ni yeye. Mimi nimeshindwa miaka minne. Na foleni ile niliitaka mimi. Nilijua itatokea, nikamwacha awashe."

Mama aliweka kijiko chini, machozi yakimlengalenga. "Unamsikia kaka yako? Yuko tayari kujipaka matope ili wewe usiaibike."

"Mama, ni kweli."

"Nyamaza, baba. Moyo wako naujua, nimekuzaa mimi."

Fundi alimtazama Kitinda, angalau yeye aseme. Kitinda alijua, uso wake ulionyesha kwamba alijua tangu Jumatatu. Akamwongezea mama maji kwenye glasi, akaendelea kula.