Fainali Iliyohama Kwetu

Mpira siupendi. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akanidai hekima ya kandanda ambayo sina. Mimi ni mwalimu wa shule ya upili karibu na Kabianga, na Ijumaa jioni hurudi nyumbani kwetu upande wa Kimulot, pale chai inapoishia na msitu unapoanza. Wikendi zangu nyingi zimepotelea kando ya uwanja, juu ya benchi la kituo cha kupimia majani ya chai, kwa sababu baba yangu hawezi kwenda huko peke yake.

Baba haoni. Ujanani alikuwa golikipa wa timu ya kituo chetu, na hadi leo wazee wakitaka kumsifu mtu mwenye mikono mikubwa humtaja yeye. Presha ya macho ilimwanza polepole, ikala pembeni kwanza, kisha katikati. Tulipompeleka Longisa, daktari alimwambia ukweli kwa upole: kilichopotea hakirudi. Baba alishukuru, akauliza kama kuna dawa ya kuzuia masikio yasifuate mkumbo huo. Daktari alicheka. Mimi sikucheka, maana nilijua anauliza kwa dhati.

Masikio ndiyo aliyobaki nayo kwa mpira, na uwanja wetu ulikuwa umeumbwa kwa ajili ya masikio. Kwanza, si tambarare. Goli la juu liko upande wa msitu, goli la chini liko upande wa kanisa, na mpira ukiachwa katikati unajiendea wenyewe kanisani. Kila nahodha akishinda sarafu huchagua kupanda kipindi cha kwanza, ili kipindi cha pili, miguu ikiwa imechoka, ashuke. Kushoto kuna barabara ya matope. Kulia kuna shamba la chai, na mpira ukiingia humo majani hutoa sauti kama mtu anayepekua kabati. Sheria yetu ni kwamba aliyeupiga ndiye anayeingia kuutafuta, hata kama ni nahodha, na watu hungoja. Baba alizijua sauti hizo zote. Angeweza kukwambia mpira uko wapi kabla hujamaliza kugeuza shingo.

Yale ambayo masikio hayakufikia aliyapata kwa rafiki yake. Huyu ni mzee aliyekuja kutoka upande wa ziwa akiwa kijana, akafanya kazi kwenye boila za kiwanda cha chai hadi akastaafu, kisha akakataa kurudi kwao. Walikutana kwa ugomvi wa ofisaidi na hawajawahi kuumaliza. Baba alipopoteza macho, rafiki yake aligundua njia: huushika mkono wa baba, hukifungua kiganja, halafu huchora mchezo kwa kidole. Kifundo cha mkono ni goli la msituni, ncha za vidole ni goli la kanisani. Tukifunga, hukikunja kiganja cha baba kiwe ngumi. Tukifungwa, hulaza kiganja chake juu ya kile cha baba na kukiacha hapo kidogo, kama mtu anayetoa pole. Wazee wawili wameshikana mikono uwanjani, na vijana walishaacha kuwacheka zamani.

Sasa kuhusu fainali. Vituo vya kupimia majani vya upande wetu vina mashindano yao, na desturi ilikuwa moja: anayechukua kombe ndiye mwenyeji wa fainali ya mwaka unaofuata, awe amefika fainali hiyo au ametolewa mapema. Na mwenyeji hulisha watu wote, wakiwemo wale waliokuja kumfunga. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hakuna aliyeondoka fainali akiwa na njaa, hata refa aliyetukanwa.

Mwaka juzi, baada ya miaka mingi ya kukaribia na kukosa, tulichukua kombe ugenini. Njiani kurudi baba hakulizungumzia kombe hata kidogo. Alisema tu, "Sasa inakuja kwetu." Mara ya mwisho fainali kuchezwa kwetu alikuwa bado anaona. Alitaka aisikie moja akiwa amekaa mahali pake. Alikuwa ameanza kuumwa kifua na alijua hesabu za umri wake vizuri kuliko sisi tuliojifanya hatuzijui.

Tuliandaa. Vijana walifyeka nyasi, wakapaka nguzo za magoli chokaa. Akina mama waligawana sufuria na kukubaliana nani ataleta maziwa ya mursik, nani kuku. Mimi nilipangiwa kupakulia wageni, kazi wanayopewa walimu kwa kudhaniwa kwamba hatupendelei mtu.

Halafu kamati ikaitisha mkutano pale kituoni. Mwenyekiti ni mtu wa kunukia vizuri na kusema polepole. Alituambia kwamba fainali yetu itachezwa uwanja wa mjini.

"Fainali ni fainali," akasema. "Haiwezi kuchezewa mahali ng'ombe inalisha."

Baba akasimama. "Basi tuondoe ng'ombe."

Watu wakacheka, mwenyekiti naye akacheka, na nikajua tumeshindwa. Mtu anayecheka na wewe ameshaamua.

"Mzee, huko kuna fensi, kuna choo, kuna jukwaa," akasema. "Na hawa vijana wanataka waonekane. Huko maskauti wanakuja."

Hapo hakuwa anadanganya, na lazima niseme hivyo ingawa simpendi. Niliwaona vijana wetu walivyoinua vichwa waliposikia neno hilo. Hakuna skauti aliyewahi kupanda hadi Kimulot na viatu vyake. Kijana mwenye miguu mizuri anazeeka huku akibeba majani mgongoni, na ni nani atamwambia akatae uwanja mzuri kwa sababu ya mzee mmoja?

"Na desturi je?" baba akauliza.

"Desturi iko. Wewe kama kipa wa zamani tutakuweka mbele kabisa, kwa hema ya wageni wa heshima. Wewe ndiye utapeana kombe."

Nikashindwa kujizuia. "Mtu haoni, mnamweka mbele aone nini?"

"Mwalimu, hiyo ni heshima."

Baba alikaa. Heshima ukipewa mbele ya watu huwezi kuirudisha, na mwenyekiti alilijua hilo.

Siku ya fainali tulishuka mjini kwa lori la majani, lililooshwa lakini bado likinuka chai mbichi. Timu yetu ilikuwa imefika fainali tena, dhidi ya wale wa ng'ambo ya mto, na watu waliimba njia nzima. Baba alivaa koti lake la harusi na kofia. Rafiki yake alikuwa amekata kucha. Nililiona hilo na likanigusa.

Kwenye hema ya wageni wa heshima tulimkuta kijana mwenye fulana ya kamati. Akaisoma kadi ya baba, akatuangalia sisi wawili tuliomshika mikono.

"Kadi ni ya mtu mmoja."

"Mimi ndio macho yake," rafiki ya baba akasema.

"Macho haina kadi, mzee."

Niligomba. Niligomba kwa Kiswahili, kwa Kipsigis na kwa Kiingereza cha darasani, mpaka baba mwenyewe akaniambia mimi bintiye, "Wacha, mama. Watu wanaangalia." Akaachia mikono yetu, akaongozwa ndani na mtu asiyemjua.

Sisi tulipelekwa ng'ambo, kwenye ngazi za saruji zisizo na paa. Ulikuwa uwanja mzuri, sikatai. Nyasi zilikuwa za kijani kibichi na mistari imenyooka. Lakini spika zilikuwa kubwa kuliko kabati zangu za nyumbani, na mbili kati yake zilisimama nyuma ya hema ya heshima. Muziki haukukoma. Mshereheshaji alikuwa akiwataja waheshimiwa waliofika, waliokuwa njiani, na waliotuma salamu kwa sababu hawangefika. Mchezo wenyewe ulichezwa katikati ya salamu hizo. Mimi niliye na macho mawili mazima nilipotea. Hakukuwa na kanisa wala msitu, mpira ulikwenda ulikosukumwa tu na kusimama hapo.

Nikamtafuta baba. Alikuwa kwenye kiti cha mbele kabisa kama walivyoahidi, chupa ya maji miguuni. Kushoto kwake mtu alikuwa anaongea na simu, kulia mwingine alikuwa anaongea na simu. Baba alikuwa ameweka mkono wake wa kulia juu ya goti, kiganja kimefunguka, kinatazama juu.

Rafiki yake alikuwa amemwona kabla yangu. Hakuangalia mechi tena. Kidole chake kilikuwa kikitembea juu ya paja lake mwenyewe.

Tulifungwa bao moja kipindi cha pili. Spika zikapiga kelele ya goli bila kusema la nani, muziki ukapandishwa, na kule hemani watu wakapiga makofi ya adabu. Baba naye akapiga, kisha akarudisha mkono gotini, kiganja juu.

Mchezo ulipoisha wakamwinua, wakampa kombe mikononi na kipaza sauti mdomoni. Nahodha wa ng'ambo ya mto akasimama mbele yake, kijana mrefu, ana matope magotini. Baba alinieleza baadaye jinsi alivyofikiri: kwamba hawangemwita mzee wa kituo chetu atoe kombe kama si watoto wake walioshinda. Kwa hivyo akasema, na uwanja mzima ukasikia:

"Kongoi, watoto. Sasa mlirudishe nyumbani. Nyasi tumeshakata."

Upande wa wale wa ng'ambo ya mto walicheka mpaka wakashikana mabega. Upande wetu hakuna aliyecheka. Yule nahodha alikuwa amelelewa. Aliinamisha kichwa, akalipokea kombe kwa mikono miwili, akasema, "Kongoi, kugo," kama mjukuu anavyomshukuru babu yake, na hakuongeza neno. Nikiwa na binti nitamwoza kwa huyo.

Kurudi, lori la washindi lilitupita likiimba. Baba alikuwa amekaa kati yetu. Akasikiliza kwa muda.

"Mbona letu halina sauti?"

Rafiki yake akauchukua mkono wake, akaufungua, akalaza kiganja chake juu. Baba hakuuvuta.

"Lini?"

"Kipindi cha pili."

"Tukiwa tunashuka?"

"Huko hakuna kushuka, omera. Huko ni sawasawa tu."

Tulipoiacha barabara ya lami, baba akasema, "Kumbe niliwapa wale."

"Uliwapa."

"Basi ni yao," akasema, akaingiza mkono mfukoni. Nilimlilia baba yangu ndani ya lori lile, mbele ya vijana niliowafundisha, na sikuona haya. Niliona hasira tu, na hasira ile bado ninayo.

Mwaka huu, kwa desturi, fainali ilikuwa ya ng'ambo ya mto. Hakuna aliyeuliza. Ilitangazwa ya mjini kama vile haijawahi kuwa mahali pengine. Timu yetu ilitolewa mapema, lakini kadi ya baba ilikuja, na safari hii walisema anaweza kuja na mtu mmoja. Mtu fulani alikuwa ameona vibaya, nafikiri, na sikatai kwamba ni jambo jema. Baba aliipapasa kadi, akaiweka juu ya redio.

"Nipeleke uwanjani," akasema.

"Mjini?"

"Uwanja ni moja tu, mama."

Kifua chake kilikuwa kimezidi, tukawa tunasimama kila baada ya hatua chache. Mvua ya mchana ilikuwa imepita. Kijiji chote kilikuwa kimeshuka mjini, na kutoka barabarani hadi kanisani hapakuwa na sauti ya mtu. Nyasi hazikufyekwa mwaka huu. Chokaa ilishaoshwa kwenye nguzo, na goli la chini limepoteza mwamba wake. Rafiki yake alitukuta pale kwenye benchi, kavaa gambuti. Hawakusalimiana. Baba akafungua kiganja, na kidole kikaanza kupanda kuelekea msituni.

Nilidhani wanacheza tu kama watoto. Kisha nikasikiliza.

"Imeingia kwa chai?" baba akauliza.

"Imeingia."

"Nani amepiga?"

"Ni wetu."

"Basi tuitafute."

Na kidole kikasimama. Wakangoja, wote wawili, wamegeuzia nyuso zao kwenye shamba la chai, muda wote ambao mtu angehitaji kuingia humo na kutoka na mpira.

Nikamwinamia rafiki ya baba. "Mzee, hii ni mechi gani?"

"Ni ile ya mwaka jana. Ile ya mjini. Nimeileta hapa."

"Basi mpatie ushindi," nikamnong'oneza. "Nani atajua?"

Aliniangalia kama nimemwambia aibe. "Apana, mwalimu. Inafungwa vile vile. Lakini inafungwa nyumbani."

Akageuza mchezo, wakaanza kushuka. Kidole kilikwenda mbio kuelekea ncha za vidole, kikakosa, kikakosa tena, kikarudishwa juu taratibu. Halafu akalaza kiganja chake juu ya kile cha baba na kukiacha hapo.

Baba alitikisa kichwa kukubali. Alipopata pumzi akanigeukia.

"Mama, wageni wamekula?"

Uwanjani palikuwa na ng'ombe mmoja, amefungwa kwenye nguzo ya goli. Nikasema wamekula.