Kamba ya Mita Hamsini

"Unataka kwenda Amerika kuogelea, na shule yenyewe haina maji ya kunawa uso?"

Aliyesema hivyo ni naibu wa mwalimu mkuu, kwenye gwaride la asubuhi, na shule nzima ikacheka. Mpishi naye aliniambia kwamba sisi watu wa ziwa huogelea ili tusife maji, si ili tupewe vyeti. Jirani yangu wa bweni alikuwa akinimwagia kikombe cha maji kitandani na kuniuliza kama nimefika Amerika au bado.

Maneno yao yote nimeyahifadhi. Leo stashahada yangu ya usimamizi wa michezo imening'inia ukutani katika ofisi yangu ya Homa Bay, ndani ya kioo, na kiti cha mgeni nimekiweka mahali ambapo lazima aitazame. Niliipata kwa mikono na miguu yangu, kihalisi. Lakini nikikumbuka njia niliyopita kuifikia, hasira hunipanda upya.

Shule yetu ilikuwa Migori, kando ya barabara ya kwenda Isebania, mbali na ziwa. Nyumbani ni Homa Bay, ambako mama anauza omena, wale dagaa wa ziwani. Alama zangu zingenipatia nafasi ya chuo humu nchini, lakini karo isingepatikana hata omena wote wa mama wangeuzwa mara mbili. Kisha nikasoma kwenye kompyuta ya saiba moja, duka la mtandao mjini Migori, kwamba vyuo vya Amerika huwalipia karo waogeleaji wenye kasi. Nilijua nina kasi. Tangu nikiwa darasa la sita hakuna aliyekuwa amenitangulia kufika kwenye jiwe kubwa lililo mbele ya gati na kurudi. Kwangu mlango wa chuo ulikuwa huo mmoja tu.

Tatizo ni kwamba makocha hawakutaka kusikia habari za jiwe. Walitaka sekunde, na walitaka kujua ni sekunde za mita ngapi.

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, husokota kamba za katani na kuziuza soko la Oyugis. Kwetu shangazi huitwa waya. Nilikwenda kwake wakati wa likizo.

"Waya, nataka kamba ya mita hamsini. Isipungue hata inchi."

"Ya kufunga ng'ombe wangapi?"

"Ya kupimia."

"Kupimia nini? Umenunua shamba?"

"Nisokotee tu, waya."

Nilikuwa nimechekwa vya kutosha, sikutaka kuongeza mtu mwingine wa kunicheka. Alisokota siku nne. Akaazima futi ya fundi mwashi, akainyoosha kamba uani, akaipima mara tatu, akafunga kitambaa chekundu kila mwisho. Mita hamsini kamili. Akakataa pesa akisema nitamlipa nikishauza hilo shamba.

Saa ya kupimia mbio niliazima shuleni. Ufunguo wa stoo ya michezo alikuwa nao yule yule naibu. Nilitia saini kwenye daftari naye akanikabidhi saa kana kwamba ananipa yai.

"Ikipotea nitakutafuta hata huko Amerika yako," akasema.

Nikaitandaza kamba ziwani kwetu, pale kina kinapofika kifuani, nikapigilia nguzo mbili za mbao mahali ncha zake zilipofika, nikaifunga. Kila Jumapili asubuhi ya likizo mama alisimama ndani ya mtumbwi uliofungwa kwenye nguzo ya mwisho, gauni limekunjwa magotini, akaibonyeza saa kwa kidole gumba kama mtu anayeua chawa. Sekunde ishirini na nne nukta moja. Tukarudia wiki iliyofuata, ikawa vile vile. Mama hakujua maana ya namba ile. Mimi nilijua kwamba ndiyo kasi wanayoitafuta makocha, nikapiga kelele mpaka wanaofua nguo ufukweni wakadhani nimeumwa na kitu.

Niliandika barua pepe arobaini na moja. Mwenye saiba, mama mmoja mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi, aliniandikia saa zangu kwenye daftari lake nilipe nikifanikiwa. "Usipofanikiwa utanifagilia hapa mpaka uote mvi," aliniambia.

Majibu yalikuja machache na yote yalikuwa maswali. Je, muda huo ni wa mita au wa yadi? Bwawa ni refu au fupi? Uliruka kutoka kwenye jukwaa au ulianzia majini? Nani alipima, na ana kibali gani? Nilitaka kumjibu mmoja wao kwamba ni muda wa kamba, na aliyepima ana kibali cha kunizaa. Nilijaza fomu iliyouliza kimo changu kwa futi na uzito wangu kwa ratili, na nyingine iliyotaka jina la klabu yangu. Niliandika "Ziwa". Fomu ikanirudishia maneno mekundu. Kila nilipomaliza ukurasa mmoja kulikuwa na mwingine nyuma yake, na mtandao ulikatika kabla sijabonyeza kutuma, nikaanza upya.

Hatimaye kocha wa chuo kikuu kimoja kikubwa aliandika kwamba muda wangu unamvutia sana. Alichohitaji ni matokeo rasmi kutoka mashindano yoyote yanayotambulika. Nikaenda Kisumu kwenye mashindano ya shule. Hilo lilikuwa bwawa la kwanza la kweli maishani mwangu. Lilikuwa la mita ishirini na tano, uende na urudi, lenye maji ya buluu yenye harufu ya dawa, na mstari mweusi chini ambao ulinifanya nihisi naogelea juu ya barabara. Mbio za mita hamsini nilimaliza wa pili, nikainua kichwa nikiwa na furaha, nikaona ubao.

Ishirini na sita nukta mbili.

Nilitoka majini nikamwendea msimamizi nikiwa bado nadondosha maji. Nikamwambia bwawa lao si sahihi, lipimwe upya.

"Kijana," akasema bila kuinua macho kwenye karatasi zake, "bwawa hili lilikuwepo kabla hujazaliwa. Halijawahi kunywea."

Niliyatuma matokeo yale kwa sababu sina tabia ya kuficha. Kocha wa chuo kikubwa akajibu kwa mistari miwili. Tofauti ya sekunde mbili haielezeki, akasema, na ananitakia mema. Watu wasioshindana majini hawajui, lakini kati ya ishirini na nne na ishirini na sita kuna watu wengi sana. Kwa maneno mengine, aliniita mwongo kwa adabu.

Jumapili ya kwanza ya likizo iliyofuata nikarudi kwenye kamba yangu. Mama akabonyeza saa. Ishirini na nne nukta moja, tena! Basi ni nani mwenye kosa? Mimi, bwawa au dunia? Nilimnyang'anya mama ile saa nikaitazama, na sitasema iliponyoka. Niliirusha. Ilizama mbali, kwenye maji ya kina.

Mama alitazama viwimbi mpaka vikaisha. "Hiyo ilikuwa ya shule," akasema.

Kesho yake nikaifungua kamba, nikaitia ndani ya gunia ikiwa inatiririka maji, nikaipeleka Oyugis kumgombeza shangazi. Mtu akishikwa na hasira hutafuta wa kumbebesha.

"Waya, kamba yako imeniharibia maisha. Haitimii hamsini!"

Shangazi yangu amesokota kamba kwa zaidi ya umri wangu wote na hajawahi kurudishiwa hata moja. Aliweka chini kijiko cha uji. Akaagiza futi ya fundi. Tukainyoosha kamba uani, majirani wakijikusanya, tukapima. Arobaini na sita.

Nilisimama mikono kiunoni, nimeshinda kesi. Yeye akaishika kamba, akaiminya, maji yakamdondokea miguuni.

"Hii umeitoa wapi?"

"Ziwani. Ndiko ninakopimia kuogelea."

"Ziwani." Alilirudia neno hilo polepole. "Nyathina, mwanangu, umenichungia ng'ombe miaka mingapi?"

"Mitano."

"Mvua ikianza kunyesha na ng'ombe wamefungwa, ulikuwa unafanya nini?"

"Nawalegezea kamba."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ikilowa..." Nikaitazama kamba.

"Endelea, msomi. Ikilowa inafanya nini?"

Majirani wakaimalizia wao kwa pamoja, na vicheko vyao nadhani vilifika stendi. Kamba ya katani ikinywa maji hunenepa, na ikinenepa lazima ifupike. Mtoto yeyote wa kwetu anajua. Mimi mwenyewe nilijua. Laiti ningemwambia shangazi kamba ilikuwa ya nini, angenicheka kidogo siku ile, kisha angenisokotea ya mita hamsini na nne. Kukwepa kicheko kimoja kulinigharimu mwaka mzima.

Mama wa saiba alinishauri niwaambie makocha kwamba Kisumu niliogelea nikiwa na malaria. "Malaria wanaijua hao, watakuhurumia. Nani ataamini kamba?" Nikakataa. Nina kiburi, sikatai, lakini kiburi changu hakili uongo. Niliwaandikia wote walionijibu, nikaeleza katani, maji na ng'ombe, nikasema muda wangu wa kweli ni ule wa Kisumu, na kwamba nilikuwa sijawahi kugeuka ukutani kabla ya siku ile kwa kuwa ziwa halina ukuta.

Wiki nne bila neno. Kisha akajibu kocha mmoja, mwanamke wa chuo kidogo cha miaka miwili, mahali penye mashamba ya ngano na upepo. Alisema amekulia kwenye farasi, na kamba ikilowa anazijua hila zake. Mtu anayeogelea muda ule bila kujua kugeuka, akaandika, anaweza kufundishwa kugeuka. Alikuwa na nafasi moja ya kulipiwa karo. Nauli si yake, na cheti changu cha shule kimfikie kabla ya mwisho wa mwezi.

Nilikuwa nimeshamaliza mitihani, na mnajua cheti kilikuwa wapi: shuleni. Kwetu hupewi cheti mpaka kila idara ya shule itie saini kwamba hudaiwi kitu. Maktaba ilitia. Maabara ikatia. Bweni likatia baada ya kunidai godoro ambalo sikulilalia. Ikabaki idara ya michezo.

"Leta saa," akasema naibu.

Sikuwa na saa. Nilikwenda mara sita kutoka Homa Bay. Mara ya kwanza yuko mkutanini, ya pili ametoka, ya tatu ananiambia nije na mzazi. Nilikuja na mama, akamweka nje kwenye benchi mpaka saa saba kisha akaenda kula. Chuo kinanisubiri ng'ambo ya bahari, na mimi nazuiliwa na kitu kinachoenea kiganjani! Mara ya sita zilikuwa zimebaki siku tatu. Nilimwekea barua ya kocha mezani. Aliisoma yote, akaisoma tena.

"Kumbe ni kweli," akasema. Halafu akachukua kalamu. "Hii saini si zawadi. Nimekukopesha. Saa bado iko kwenye daftari."

Nauli ikatoka kwa shangazi. Aliuza mtamba wake mweusi siku ya soko bila kuniuliza, akaniletea pesa zimefungwa kwenye leso. "Na huyu ni mkopo," akasema. "Usijenge nyumba kabla hujamrudisha."

Nilikwenda. Miaka miwili niliogelea alfajiri nje kukiwa na theluji, nikaosha sahani kwenye bwalo la chuo, nikajifunza kugeuka ukutani mpaka nikawa na rekodi moja ya chuo kile, ndogo lakini ni yangu. Nikarudi na stashahada. Vyuo vikubwa havikunichukua, na bado inaniuma. Leo nafundisha kuogelea, na vijana ninaowafundisha wananionyesha fomu zile zile, maneno mekundu yale yale. Nakaa nao na kuzijaza, huku nikisaga meno.

Siku niliyolipa madeni yote ilikuwa Jumanne, siku ya mvua. Nilianza Migori. Naibu sasa ni mwalimu mkuu. Nilimpa saa mpya isiyoingia maji. Akatafuta daftari la zamani, akapata mstari wenye jina langu, akaukata kwa rula. "Na hii usiiazime," akasema. Mama wa saiba alinitoza kila saa kwa bei ya sasa, si ya wakati ule, na nikalipa nikibishana naye mpaka mwisho.

Jioni niliingia boma la shangazi nikimvuta mtamba mweusi mwenye mimba. Alimzunguka mara mbili, akamshika nundu, akamtazama meno. Kisha akaingia ndani akatoka na kipande alichokikata kwenye ile kamba, kitambaa chekundu kikiwa kimepauka mwishoni. Nikamfunga mtamba kwenye nguzo.

Mawingu yalikuwa yamejaa. Shangazi alisimama mlangoni akiniangalia mikono.

"Mlegezee," akasema.

Nilikuwa nimeshamlegezea.