Mtaa Mwekundu wa Mzee Takwimu

Hapa kwetu tunamwita Mzee Takwimu, na anaitika bila kinyongo. Anakaa peke yake ghorofani, juu ya kibanda changu cha cherehani. Akiburuta kiti nasikia. Akipika nasikia sufuria moja tu. Mkewe alishatangulia mbele ya haki. Amebaki na binti mmoja aliyeolewa, na mjukuu ambaye mzee amempakata mara moja, siku ile alipozaliwa.

Kazi yake ni kupima uhalifu. Ofisi yao hukusanya ripoti za polisi, huzigawanya kwa idadi ya wakazi wa kila mtaa, halafu yeye anaipaka ramani ya jiji rangi. Kijani ni mtaa salama, manjano uwe macho, nyekundu shauri yako.

Tatizo, kazi hakuiacha ofisini. Ukiibiwa hata kandambili, anakukaba koo: "Umeripoti?" Mimi nilipoibiwa pasi, nilitaka kulaani tu nikalale. Wapi! Alinisindikiza mpaka kituoni, akasimama nyuma yangu kama mama mkwe hadi jina langu likaandikwa. "Usiporipoti, fundi, kwetu ofisini hujaibiwa," akaniambia. Basi tukazoea. Ndoo, balbu, kuku, vyote tukaripoti.

Mwaka jana binti yake alikuwa anatafuta pa kuhamia. Mzee akapaka chokaa chumba cha pili, akaniletea kitambaa cha manjano nimshonee pazia la dirisha la mtoto. "Watakaa kwangu mpaka mjukuu atembee," akasema, meno yote nje. Nikamtania kwamba kumbe anajua kucheka.

Ramani ikatoka. Mtaa wetu mwekundu kama pilipili! Binti akaiona gazetini. Alipopiga simu, mzee alikuwa kibandani kwangu anasubiri pazia, na sauti ya binti niliisikia yote.

"Baba, siwezi kumleta mtoto huko. Si umeupaka rangi wewe mwenyewe?"

"Huku watu wanaripoti tu, mwanangu. Wizi ni uleule."

"Ah, baba. Kila mtu hutetea kwake."

Akahamia mtaa wa kijani, ng'ambo ya jiji, ambako kituo cha polisi kilishafungwa zamani. Hawajakaa sana, wakavunjiwa mlango mchana kweupe. Wezi walibeba mpaka godoro la mtoto. Mzee alinisimulia mwenyewe. Alikuwa amemwuliza binti swali lake lilelile, naye akajibiwa, "Niripoti wapi, baba? Hapa hakuna anayejisumbua." Mtaa ukabaki kijani. Akambembeleza aje kwake. Binti akasema ataangalia kwanza ramani ya mwaka ujao.

Nilipandwa na hasira. Nikasema huyo binti ana moyo wa jiwe, haoni kwamba baba yake anakufa kwa upweke?

"Usimseme," mzee akanikatiza. "Mimi ndiye niliyemfundisha kuiamini ramani."

Pazia nilimpa bure. Akalitundika hivyo hivyo kwenye chumba kisicho na mtu.

Juzi asubuhi nafungua kibanda, baiskeli ya mzee haipo. Huifunga kwenye nguzo mbele ya mlango wangu, na ndiyo inayompeleka kazini. Mnyororo ulikuwa chini, umekatwa. Nikapiga kelele kumwita. Akashuka ngazi taratibu, akauokota, akaugeuzageuza mkononi.

"Haya, twende kituoni," nikasema, mtandio nishajitupia. "Leo zamu yangu kukusindikiza."

"Ilikuwa mbovu ile," akasema.

"Mbovu? Jana si umeitia mafuta hapa hapa, nikikuona?"

Hakunitazama. "Fundi, na wewe wakikuibia kitu mwaka huu, nakuomba, nyamaza kidogo. Kwa ajili ya mtoto."

Nikauvua mtandio. Mzee akautia mnyororo mfukoni, akaenda kazini kwa miguu, kupima uhalifu.